Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vikao, Sherehe na Mashindano ya Hotuba katika Klabu Yetu, Mwanza

Maswali haya tumeyaokota kwenye simu, mlangoni mwa ukumbi, na kwa wageni wanaobaki nyuma baada ya kikao wakingoja daladala. Yanaanza na ya mgeni kabisa na kuishia na ya anayejiandaa kushindana. Pale ambapo jibu limeshatolewa sehemu nyingine, tumekuelekeza huko.

## Kwa anayetaka kuja

Klabu hii inafanya nini hasa?

Tunakutana Jumamosi mbili kila mwezi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni, katika darasa tunaloazimwa upande wa Kirumba. Mwanachama anasimama na kuhutubia, kisha mwenzake anasimama kumweleza alichokisikia. Hilo la pili wageni wengi hawalitarajii, na ndilo linalowafanya warudi. Kusema mbele ya kioo unaweza kufanya nyumbani. Kusikilizwa kwa makini na mtu asiyekuwa na haraka, huwezi kujifanyia mwenyewe.

Ninyi ni tawi la Toastmasters?

Hapana, ila tumeazima mpangilio wao na tunalisema hilo wazi. Ralph Smedley, mwanzilishi wa Toastmasters, mtandao wa klabu za hotuba ulioenea duniani, aliitisha kikao cha kwanza cha klabu yake huko Santa Ana, California, tarehe 22 Oktoba 1924, ndani ya jengo la YMCA. Wazo lake lilikuwa jepesi: wanachama wafundishane wenyewe, kila hotuba iwe na muda, na kila mzungumzaji apate mtathmini. Miaka mia moja baadaye mpango huo bado unafanya kazi, hata kwenye darasa lenye ubao wa chaki na madawati ya shule ya msingi.

Sisi tunaendesha kila kitu kwa Kiswahili na tumeongeza mambo yanayotokana na maisha ya hapa. Anayetaka kufika kwenye mashindano yao ya dunia asome sehemu ya mashindano hapo chini.

Naogopa mpaka mikono inatetemeka. Nije?

Njoo. Mikono kutetemeka, koo kukauka na moyo kwenda mbio ni kazi ya homoni ya adrenalini, ileile inayokukimbiza mbwa akikutokea uchochoroni. Mwili unadhani uko hatarini. Hautulii kwa kuambiwa utulie, bali kwa kuzoeshwa kwamba watu thelathini wanaokutazama hawana neno na wewe. Pumua nje taratibu kabla hujainuka, muda wa kutoa pumzi uwe mrefu kuliko wa kuvuta. Na usishike karatasi moja nyepesi, kwa sababu inaonyesha mtetemo wote, shika daftari.

Siku ya kwanza hutalazimishwa kusema chochote zaidi ya jina lako na mtaa unaotoka.

Ninaishi ng'ambo. Nitafikaje?

Wa Sengerema wamepata nafuu kubwa tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025. Ni kilomita tatu hivi juu ya maji, na hakuna tena kukaa foleni ya kivuko huku saa ya kikao inapita. Wa Ukerewe bado wanategemea meli ya Nansio, kwa hiyo huwa wanalala mjini kwa ndugu. Tukijua mapema kwamba unatoka kisiwani, tunakupanga uhutubie Jumamosi uliyopata usafiri, usije ukafunga safari ya ziwani ili kuwa msikilizaji tu.

Kuna ada?

Mgeni halipi. Mwanachama anachangia kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya chai, karatasi na usafi wa darasa. Asiyekuwa nacho amweleze mtunza hazina pembeni, halitangazwi.

## Kikao kinavyokwenda

Kwa siku moja kuna nini na nini?

Mshereheshaji wa siku hiyo anafungua, na wadhifa huo unazunguka, kila kikao mtu mwingine. Zinafuata hotuba mbili au tatu zilizoandaliwa, dakika tano hadi saba kila moja. Kisha hotuba za papo kwa papo, halafu chai, halafu tathmini. Mwisho mtunza muda na msikilizaji wa lugha wanatoa taarifa zao.

Chai tuliiweka kabla ya tathmini kwa makusudi. Aliyetoka kuhutubia bado ana joto, na ukimwambia neno zito wakati huo hatalisikia. Akishakunywa kikombe na kula andazi, anakaa kitako.

Hotuba ya papo kwa papo ni nini, na nikikosa la kusema?

Unachomoa karatasi kwenye chungu, unasoma swali, unazungumza dakika moja hadi mbili. Swali linaweza kuwa "Kwa nini sato ana bei kuliko sangara?" au "Mwambie dereva wa bodaboda apunguze mwendo."

Ukikwama, tafuta tukio moja uliloliona kwa macho yako linalogusa swali hilo, ulisimulie. Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Kirumba alichomoa swali kuhusu teknolojia, akasema hajui teknolojia, kisha akaeleza jinsi anavyojua dagaa waliokauka juani na waliokaushwa kwa haraka kwa kuwavunja tu na kusikiliza mlio. Dakika mbili zikaisha na hakuna aliyekohoa.

Vile vitambaa vya rangi vina maana gani?

Ni saa ya kuonekana kwa macho. Kwa hotuba ya dakika tano hadi saba, kijani kinainuliwa ikifika dakika ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba. Wenzetu wenye kumbi za kisasa wanatumia taa. Sisi tulianza na taa, umeme ukakatika mara tatu katika kikao kimoja, tukahamia kwenye vitambaa na hatujarudi nyuma.

Hotuba yangu ya kwanza iwe juu ya nini?

Juu yako, dakika nne hadi sita. Kinachowashinda wengi ni kutaka kusimulia maisha yote: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi. Chagua siku moja. Siku uliyoshuka kwenye basi stendi ya Nyegezi na begi moja inatosha kabisa.

Niandike maneno mangapi?

Usifuate hesabu unazozikuta kwenye miongozo ya Kiingereza. Neno moja letu, kama "nitakapomwona", linabeba maneno yao manne au matano. Kwa uzoefu wa klabu yetu, hotuba ya dakika saba kwa mwendo wa kueleweka ni maneno 600 hadi 700 ya Kiswahili. Ukileta 900, utakimbia, na ukikimbia hakuna atakayekumbuka hata moja.

Kwa nini mnahesabu "yaani"?

Kwa sababu mwenyewe huisikii. "Yaani", "kwa hiyo", "unajua", "eee" na "kimsingi" hujaza mahali ambapo ukimya ungefanya kazi nzuri zaidi. Klabu nyingine hugonga kengele kila linapotokea. Sisi tuliacha, maana kengele ilimvuruga mzungumzaji na kuwafanya wasikilizaji waingoje kengele badala ya hoja. Msikilizaji wa lugha anaandika kimya na kukupa karatasi mwishoni. Idadi ikishuka kutoka ishirini hadi kumi na mbili kwa miezi mitatu, umefanya kazi kubwa.

## Tathmini

Mimi ni kijana. Nitamtathmini vipi mzee wa miaka sitini bila kumvunjia heshima?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Adabu tuliyolelewa nayo inamkataza mdogo kumrekebisha mkubwa mbele za watu, na hatukusudii kuivunja. Lakini mzee aliyejiunga na klabu amekuja kujifunza. Ukimsifia tu kwa sababu ya mvi zake, umemnyima alichokifuata, na hiyo nayo ni kumvunjia heshima.

Tunafanya hivi. Unamwamkia kwanza: "Shikamoo mzee." Kisha unazungumzia masikio yako badala ya makosa yake. Usiseme "Hotuba yako haikueleweka." Sema "Nilikufuata vizuri mpaka pale ulipotoka kwenye habari ya pamba ukaingia kwenye habari ya mjukuu wako. Hapo nikapotea, nikakupata tena mwishoni." Hujamhukumu, umemwambia ulipopotea. Mzee atajua mwenyewe daraja lililokatika lilikuwa wapi.

Baada ya hapo pendekeza jambo moja, moja tu, analoweza kulifanya kikao kijacho. Dakika zako ni mbili hadi tatu na hazitoshi mapendekezo kumi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa kwetu alitathminiwa na binti wa chuo ambaye sauti ilikuwa inamkauka kwa hofu. Binti alimwambia kwamba alipokuwa akisoma karatasi, macho yake yaliondoka ukumbini, na yeye aliyekuwa nyuma alijiona hayupo. Mwalimu alisimama baadaye akasema amefundisha miaka thelathini na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia hilo. Kikao kilichofuata alikuja bila karatasi.

Tathmini iliniumiza. Nifanye nini?

Mwambie makamu wa elimu, yaani kiongozi wa klabu anayesimamia mafunzo, faragha. Mara nyingi aliyekuumiza alikuwa mgeni katika kazi hiyo na anahitaji kufundishwa. Kumtathmini mtathmini ni sehemu ya kikao, na kuna mtu aliyepewa jukumu hilo. Yakirudiwa makusudi, mhusika anasimamishwa kutathmini.

Lafudhi yangu inachekwa. Nibadilishe?

Hatumruhusu mtu kucheka lafudhi ndani ya ukumbi huu. Hapa wamejaa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wakurya, na kila mmoja ameingia kwenye Kiswahili kwa mlango wa kwao. Anayesema "selasini" kwa thelathini au "zahabu" kwa dhahabu anaeleweka, basi.

Tunaingilia pale tu maana inapogeuka. "Twendeni tukapige kula" ni sentensi nyingine kabisa kwenye hotuba ya uchaguzi. Neno kama hilo fanyia mazoezi peke yake, mara ishirini kwa sauti, kisha liache. Usijaribu kuzungumza kama mtangazaji wa redio. Utakuwa unajisikiliza badala ya kuwasemesha watu.

## Sherehe

Mnasherehekea siku zipi?

Tatu. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuanza kuadhimishwa mwaka 2022. Kwetu Tanzania ni Saba Saba pia, siku ya mapumziko, kwa hiyo ukumbi unajaa. Siku hiyo tunaalika wazazi na watoto, na hotuba zote ni za papo kwa papo.

Tarehe 14 Oktoba, aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, tunasikiliza moja ya hotuba zake kwenye spika na kuitathmini kama ya mwanachama. Tunapima muda, tunahesabu vituo vya ukimya, tunaandika maswali aliyowauliza wasikilizaji. Mzaliwa huyu wa Butiama, mashariki ya ziwa letu hilihili, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa New York mwezi Machi 1955 kueleza madai ya TANU. Vijana wanapogundua kwamba alitumia sentensi fupi na maneno ya kila siku, wanatupa nusu ya misamiati mizito waliyokuwa wameikariri.

Ya tatu ni kumbukumbu ya kuanzishwa kwa klabu, ambayo ina chakula.

Nani anagharamia, na kuna kadi za michango?

Hakuna kadi. Tulijaribu mara moja, kamati ikatumia miezi miwili kufuatilia ahadi na vikao vikalala. Sasa kila mtu anakuja na chungu chake: wali, sato wa kukaanga, michembe, chochote. Ndafu hatuchomi. Fedha inayobaki inanunua vyeti.

Mgeni rasmi akizidisha muda, mnamwinulia kitambaa chekundu?

Hapana. Barua ya mwaliko inataja dakika zake, kwa kawaida kumi, na kumweleza kwamba klabu hii hufundisha kutunza muda na wanachama wangependa kujifunza kwake. Pia tunampa nafasi mwanzoni, watu wakiwa na nguvu. Tangu tufanye hivyo, wageni wengi wamemaliza kabla ya wakati.

## Mashindano

Kuna mashindano ya aina gani?

Matatu kwa mwaka: hotuba iliyoandaliwa, papo kwa papo, na tathmini. Hilo la mwisho halina mashabiki wengi, lakini kwangu mimi ninayejibu maswali haya ndilo bora. Washindani wote wanasikiliza hotuba moja ya mzungumzaji wa majaribio, wanatolewa nje, kisha wanaingia mmoja mmoja kuitathmini. Hapo ndipo unapomwona nani anasikiliza na nani alikuwa anangoja zamu yake.

Muda unaanza kuhesabiwa lini? Na itifaki?

Unaanza na neno lako la kwanza. Hotuba ya dakika tano hadi saba ina fidia ya sekunde thelathini pande zote mbili: chini ya 4:30 au zaidi ya 7:30, umeondolewa, hata ukiwa umewaliza watu.

Kwa hiyo "Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi wa dini, wazee wetu, kinamama, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa" inakula sekunde zako. Salamu moja inatosha, na majaji hawatakuhesabia utovu wa adabu. Kila mwaka kuna anayeanguka kwa sekunde kumi, na ukirudisha nyuma rekodi, sekunde arobaini zilikwenda kwenye itifaki.

Majaji wanatoaje alama?

Maudhui 50, uwasilishaji 30, lugha 20. Majaji hawakai pamoja, hawajadiliani, na kila mmoja anaandika watatu bora wake. Wa kwanza anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja. Jaji mmoja, asiyejulikana kwa washindani, anaandika orodha yake ambayo hufunguliwa tu ikitokea sare. Masuala ya muda si yao. Hayo yanakwenda kwa mwenyekiti wa mashindano moja kwa moja.

Kwa nini msiache watazamaji waamue kwa makofi? Ngoma zetu si huamuliwa hivyo?

Ni kweli, na ni utaratibu wenye heshima. Kwenye mashindano ya ngoma ya Kisukuma, makundi mawili hasimu ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja pande mbili za uwanja, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Aliyewahi kwenda kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora mwezi Juni amewaona watu wakihama kama maji upande mmoja ukileta jambo jipya.

Lakini ngoma huchezwa saa nyingi, na umati unaweza kubadili mawazo mara kumi. Hotuba ni dakika saba na hairudiwi. Tulipojaribu makofi, ushindi ulikwenda kwa aliyejaza daladala mbili za jamaa zake. Tukabakiza zawadi ndogo ya "chaguo la ukumbi", inayopigiwa kura kwa karatasi, na mara nyingi haimwangukii aliyechaguliwa na majaji. Wote wawili huondoka na furaha.

Naweza kutoka kwenu nikaenda mashindano ya dunia?

Si moja kwa moja. Mashindano ya dunia ya Toastmasters, yanayofanyika tangu 1938, ni ya wanachama wa klabu zao zilizosajiliwa, na mshindani lazima awe amekamilisha ngazi mbili za kwanza za mafunzo yao. Unapanda kuanzia klabu, eneo, divisheni hadi distrikti, na raundi za juu ya hapo zinaendeshwa kwa Kiingereza. Klabu mpya inahitaji wanachama 20 ili isajiliwe. Wanachama wetu wawili wamejiunga huko huku wakibaki nasi, na tumewatakia heri.

## Mambo ya pembeni

Nina kigugumizi. Nishindane?

Ndiyo. Kigugumizi hakitokani na woga, ingawa woga unaweza kukizidisha, kwa hiyo hakuna atakayekuambia "tulia kwanza". Katika vikao vya kawaida vitambaa havioneshwi ukitaka hivyo. Mashindanoni muda ni uleule kwa wote, kwa hiyo andika hotuba fupi zaidi. Kijana mmoja wetu huandika ya dakika nne na nusu na kuizungumza kwa saba. Hatumalizii mtu maneno yake. Hilo ni sharti kwa kila aliyeketi ukumbini.

Naweza kuhutubia juu ya ajali ya MV Bukoba?

Unaweza, ila kwa uangalifu mkubwa kuliko mada nyingine yoyote. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walipotea. Makaburi yao yako Igoma, safari fupi kutoka ukumbini. Katika mji huu, kwenye ukumbi wa watu hamsini, chukulia kwamba yupo aliyefiwa siku ile.

Mwarifu mshereheshaji mapema, naye atawaambia watu mada kabla hujapanda. Usiigize vilio. Usitumie msiba kama mlango wa kuingilia ushauri wa biashara au mafanikio. Tumeliona likifanyika, na mzee mmoja alitoka nje. Kama wewe ndiye uliyefiwa, sema kwa kadiri unavyoweza, na ukishindwa kumaliza kaa chini. Hapo muda hauhesabiwi.

Siasa na dini vinaruhusiwa?

Maisha yako ya imani na ya uraia, ndiyo. Kumwombea mtu kura au kuwaongoa wasikilizaji, hapana.

Hotuba iliyoandikwa na programu ya kompyuta inakubalika?

Kwa mazoezi ya sauti, sawa, ukisema mapema. Mashindanoni hotuba iwe yako, na nukuu za wengine zisizidi robo. Anayeruhusiwa kupinga uasilia wa hotuba ni mshindani mwenzako au jaji, kabla matokeo hayajatangazwa. Baada ya hapo hatufungui tena.

Nikisahau katikati?

Nyamaza, rudia sentensi ya mwisho uliyosema, endelea. Ukimya unaouona wewe wa dakika nzima, kwenye saa huwa ni sekunde nne. Usiombe radhi: wengi walikuwa hawajagundua. Kuhusu kushika daftari, angalia jibu la mikono inayotetemeka.

Mvua ikipiga bati katikati ya hotuba ya mashindano?

Darasa letu halina dari, na masika ya Machi hadi Mei hayana ratiba. Mwenyekiti akiinua mikono yote miwili, saa inasimamishwa na mzungumzaji anabaki alipo. Mvua ikipungua, ana hiari ya kuendelea na muda uliobaki au kuanza upya na dakika zote saba. Karibu wote huanza upya. Majaji wanapewa karatasi mpya, ile ya kwanza inachanwa mbele ya ukumbi. Mvua isipokatika ndani ya nusu saa, tunasogeza madawati katikati, tunakaa duara moja, na zamu iliyobaki inaahirishwa hadi Jumamosi inayofuata, saa tatu asubuhi.